Goli Lililopita Kwenye Tundu la Wavu

Wenzangu wa ofisini waliniomba, kabla sijakabidhi funguo za stoo ya mipira, niwaandikie ninyi mnaobaki mambo mawili matatu ya kazi yetu. Nilikubali kwa sharti moja, kwamba sitaandika habari za vyeo wala mshahara. Vyeo vilikuja kwa kuchelewa, na mshahara mnaujua wenyewe. Nitaandika habari za viwanja, maana huko ndiko nilikofanyia kazi. Ofisini nilikuwa nakwenda kuandika ripoti na kukausha viatu.

Jina langu ni Leokadia. Nilizaliwa Muleba, nikaletwa Karagwe nikiwa msichana mwenye cheti kipya cha michezo, wakati ambapo Kyerwa ilikuwa bado haijawa wilaya na sisi tulihudumia eneo lote mpaka mpakani. Kazi yangu ilikuwa michezo ya wananchi: ligi za kata, mabonanza ya vijana wa mashambani, netiboli ya akina mama, na uangalizi wa viwanja, ambavyo vingi vilikuwa malisho yaliyosimikwa magoli. Waamuzi walikuwa wachache, kwa hiyo afisa mwenyewe alivaa filimbi. Kwa kuwa nilishika filimbi, wananchi wengi waliniita mwalimu, ingawa sijawahi kufundisha darasa hata moja.

Mechi yangu ya kwanza ilikuwa Nyabiyonza. Nilipofika, nahodha wa timu ya nyumbani alinisalimia vizuri, akanipa kiti kivulini, kisha akaniuliza refa anakuja saa ngapi. Nikamwambia ameshafika. Akageuka nyuma kumtafuta.

Aliyeniokoa siku ile ni Mwalimu Elieza, mwinjilisti wa Kilutheri, ambaye alikuwa amechezesha mechi nyingi kuliko mtu yeyote tuliyemjua. Jumamosi alitoa kadi, Jumapili aliwahubiria msamaha watu wale wale aliowapa kadi. Alikuja kushika kibendera ili aone kama binti wa Muleba anaweza kukimbia. Kabla hatujaingia uwanjani alinivuta pembeni.

"Filimbi ya kwanza usiipigie kosa la kubahatisha," aliniambia. "Subiri kosa ambalo hata mama wa aliyelitenda ameliona. Ukilipiga hilo, watakuamini kwa mengine matatu. Baada ya hapo ujitafutie."

Nikasubiri. Dakika ya nne beki mmoja alimkumbatia mshambuliaji kwa nyuma kama watu waliopotezana miaka mingi. Nikapiga. Watu wakanyamaza, wakitaka kuona beki atanifanya nini. Beki akanitazama, akautazama mpira, akauweka chini mwenyewe mahali nilipoonyesha. Mengine matatu niliaminiwa kweli. La nne nilitukanwa kwa Kinyambo, nikalielewa lote, kwa sababu Kihaya changu na Kinyambo chao ni ndugu wa tumbo moja. Nikawajibu kwa lugha hiyo hiyo kwamba nimesikia. Waliocheka zaidi ni wale walionitukana.

Kwa Mwalimu Elieza nilijifunza kazi yenyewe. Alinifundisha kuuzunguka uwanja kwa miguu kabla ya kila mechi, kutikisa milingoti, kuvuta wavu kwa vidole, na kuhesabu hatua kutoka mstari wa goli hadi nukta ya penalti. Nukta za penalti huku kwetu hutembea zenyewe, hasa timu ya nyumbani ikiwa na kipa mfupi. Mistari tuliichora kwa jivu la jikoni tulilokusanya nyumba kwa nyumba, tukivuta kamba ya katani ili isipinde. Nilibeba saa mbili, maana moja lazima isimame siku ya fainali, na daftari ndani ya mfuko wa nailoni, kwa sababu mvua za Karagwe haziulizi kama mmefika mapumziko. Ninyi mna simu za kufanya yote hayo. Bado beba daftari. Daftari haliishiwi chaji.

Mambo magumu ya mwanzo hayakuwa ya offside. Yalikuwa ya nani mwenye uwanja. Msimu wa kahawa, uwanja wa Nyabiyonza ndio mahali palipokuwa tambarare na penye jua kuliko pote, na kila familia ilileta majamvi kuanika. Jumamosi moja nilikuta kahawa imejaa kuanzia kona hadi nusu ya uwanja, na wachezaji wamesimama pembeni wameshika viuno. Kahawa ile ilikuwa ya mama zao, kwa hiyo hapakuwa na wa kuigusa.

Mwenye jamvi kubwa zaidi alikuwa bibi mmoja aitwaye Ma Kokubanza. Nilimwamkia, nikakaa naye chini, tukazungumza kuhusu mvua, kuhusu migomba, kuhusu watu wa Muleba na tabia zao, na mwishoni kabisa kuhusu uwanja. Tukakubaliana hivi: kahawa ianikwe nje ya mistari tu, na mpira ukiingia kwenye kahawa, aliyeupiga ndiye ataiokota punje kwa punje, mechi ikiendelea bila yeye. Ma Kokubanza aliipenda sheria ile kuliko mimi. Kila Jumamosi alikaa nyuma ya mstari, na mpira ukigusa jamvi lake alinyoosha mkono juu kama mshika kibendera, akamwonyesha kwa kidole aliyehusika. Hakuwahi kukosea. Beki mmoja aliyezoea kubutua mpira hovyo alijifunza pasi fupi ndani ya msimu mmoja, jambo ambalo kocha wake alishindwa kwa miaka mitatu.

Bweranyange nilitundika ubao wa sheria za uwanja. Kabla ya hapo kila mtu alikuwa na sheria zake kichwani, na zote zilimpendelea yeye. Niliitisha kikao cha timu zote, za mpira wa miguu na za netiboli, tukaandika pamoja. Mifugo isiingie siku za mechi. Alhamisi jioni uwanja ni wa akina mama wa netiboli, hata kama wanaume wana fainali Ijumaa. Aliyekunywa rubisi akae nyuma ya kamba. Shabiki, kiongozi au mwingine yeyote asisogee mstarini kumsemesha mwamuzi. Timu itakayomtukana mwamuzi itafyeka uwanja kabla ya mechi inayofuata. Kifungu hiki cha mwisho kilipendekezwa na timu iliyokuwa na midomo kuliko zote, na ndiyo iliyofyeka karibu kila wiki. Uwanja wa Bweranyange haujawahi kuwa nadhifu kama mwaka ule. Wale jamaa walipoanza kuwa na adabu, nilisikitika kidogo kuona nyasi zinarudi.

Kisha kulikuwa na mamluki. Ligi ya kata ni ya watu wa kata, lakini kila fainali ikikaribia, kata nyingine hupata wakazi wapya warefu wenye viatu vizuri. Kimuli siku moja niliona kwenye orodha jina la mshambuliaji nisiyemfahamu. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka mno kwa kijana wa mgombani. Nikamwita mbele ya viongozi wa timu zote mbili, nikamuuliza balozi wake wa nyumba kumi ni nani. Akamtupia jicho kocha wake. Kocha, ubavuni pangu, akidhani simwoni, akalitamka jina bila sauti, kwa midomo tu: Tibenda.

"Ameenda," mchezaji akajibu.

Nikamuuliza balozi ameenda wapi. Akafikiri kidogo, akasema ameenda kwenye kikao. Hapo kocha mwenyewe alikuwa wa kwanza kukaa chini kwa kicheko. Tulimwondoa yule kijana kwenye orodha, lakini alikuwa mtu mwema, akakaa kutazama mechi na kula ndizi na wenzake. Nasikia baadaye alioa huko huko Kimuli. Nadhani sasa balozi wake anamjua vizuri.

Nimeanza na haya ya kuchekesha kwa sababu ndiyo yaliyokuwa mengi. Sasa niwaeleze la siku moja ambalo halikunichekesha.

Wakati huo Kyerwa ilikuwa imeshakuwa wilaya, Mwalimu Elieza alikuwa ameshatangulia mbele za haki, na mimi nilikuwa ndiye mkongwe. Kulikuwa na bonanza la kata za wilaya zote mbili, zawadi ikiwa dume la ng'ombe. Fainali iliwekwa Bweranyange, kati ya Shamba Jipya, timu ya wakulima wa kahawa wa Nyabiyonza, na Mwamko ya Kimuli. Watu walikuja kwa pikipiki, kwa malori ya ndizi na kwa miguu. Lile dume lilifungwa nyuma ya goli la kaskazini likiwa na utepe shingoni, likitafuna nyasi kama mtu asiyejua kikao kinamhusu yeye.

Nilipangiwa kuchezesha. Lakini kwa kuwa nilikuwa pia afisa, nilitakiwa kukaa meza kuu na mgeni rasmi, nimevaa koti juu ya jezi ya mwamuzi. Mgeni rasmi alizungumza. Alizungumza juu ya afya, juu ya lishe, juu ya barabara, na alipomaliza akakumbuka jambo lingine. Nilipopata nafasi ya kuzunguka uwanja, timu zilikuwa zimeshajipanga. Nikakagua goli la kaskazini, nikavuta wavu, sawa. La kusini nililitazama kwa mbali nikajiambia kwamba asubuhi nililiona na lilikuwa zima.

Dakika ya thelathini hivi Mwamko walishambulia upande wa kusini. Winga wao alipiga shuti kali kutoka pembeni. Nilikuwa nyuma ya mchezo, watu wanne mbele yangu, na nilichokiona ni wavu umetikisika na mpira umelala ndani. Msaidizi wangu wa upande ule, kijana mpya, alinitazama mimi badala ya kuutazama mpira, na aliponiona nina uhakika naye akapata uhakika. Nikapiga filimbi, nikaonyesha katikati. Goli.

Kipa wa Shamba Jipya, ambaye pia alikuwa nahodha wao, aliitwa Projest. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano hivi, mkulima, mtu mtaratibu. Alinijia mbio, ameshika kichwa, akisema mpira umepita ubavuni, nje ya mlingoti, kwenye tundu. Nikamwambia arudi. Hakurudi. Alinishika mkono wa jezi anivute nikaone. Nikamwonyesha kadi ya njano. Akaitazama ile kadi, akaniachia, akarudi golini bila neno. Shamba Jipya wakaanzisha mpira katikati, mechi ikaendelea.

Ule ukimya wake ulinisumbua kuliko kelele za wengine. Mtu mwongo huendelea kusema.

Filimbi ya mapumziko ilipolia nilikwenda moja kwa moja goli la kusini. Njiani vijana watatu walininyooshea simu nitazame video, nikakataa. Sheria zetu hazina simu, na nikianza kutazama ya mmoja nitatazama za wote. Niliupitisha mkono kwenye wavu wa pembeni. Karibu na mlingoti, usawa wa goti, kulikuwa na tundu ambalo ndama angepita. Kamba zilikuwa zimetafunwa, bado mbichi. Mbuzi walikuwa wameingia uwanjani wakati sisi tunasikiliza habari za lishe.

Nilisimama pale nimeshika ule wavu, na nakiri kwamba jambo la kwanza nililolitazama si tundu bali nani ananiona. Mjumbe mmoja wa kamati ya bonanza alikuwa amenifuata. Naye aliliona. Alisogea karibu akaongea kwa sauti ya chini, kwa nia njema kabisa.

"Mama, lifunge kimya kimya, wavu uwe salama kipindi cha pili," alisema. "Ukitangaza watu watapigana. Baada ya wiki watakuwa wamesahau."

Hakuwa mtu mbaya, na hakuwa amekosea kuhusu kupigana. Kulikuwa na watu wa wilaya mbili, rubisi ilikuwa imeshazunguka, na kamba ya mashabiki ilikuwa kamba tu. Aidha, kanuni naijua: mchezo ukishaanzishwa upya, mwamuzi hawezi kufuta goli alilolikubali. Hata nikisema, ubao utabaki moja bila. Nitawaudhi watu wote na sitarekebisha kitu. Nilijaribu kujishawishi kwa hoja hiyo kwa muda wa kama dakika mbili. Ilikuwa hoja nzuri. Lakini nilikuwa nimempa kadi mtu aliyesema kweli, na yeye alikuwa ameketi chini hatua thelathini kutoka kwangu, anakunywa maji, anajua.

Nikawaita manahodha wote wawili pale golini. Nahodha wa Mwamko aliitwa Anatori, fundi seremala wa Kimuli, mtu mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Niliwaonyesha tundu. Niliwaambia kwamba goli lile halikuwa goli, kwamba kosa ni langu kwa sababu sikukagua wavu, kwamba Projest alisema kweli nikamwadhibu, na kwamba kwa sheria sina uwezo tena wa kulifuta wala kuifuta kadi. Nikamwomba Projest radhi mbele ya mwenzake. Akasema, "Nilikwambia, mwalimu."

Anatori alipitisha kidole kwenye tundu kama anayepima mbao.

"Sheria inakukataza wewe kulifuta," alisema. "Je, inanikataza mimi?"

Katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kuulizwa swali zuri kama lile. Nilimwambia sheria haina neno juu ya timu inayoamua kutokumzuia mpinzani. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kwa wenzake. Mapumziko yale yalikuwa marefu kuliko yote niliyowahi kuruhusu. Tuliwaona wakibishana, kocha wao akitupa kofia chini, akiiokota, akiitupa tena. Mimi na msaidizi wangu tulifunga tundu kwa kamba za mgomba. Nikamwachia yeye akaze fundo.

Kipindi cha pili Shamba Jipya ndio walioanzisha mpira. Mwamko wote kumi wakasimama walipo, mikono nyuma, na kipa wao akatoka golini akaenda kuegemea mlingoti. Nusu ya mashabiki wa Kimuli walidhani timu yao imerogwa. Anatori akampungia mkono mshambuliaji wa Shamba Jipya, kijana mmoja aitwaye Desideri, apite. Desideri akaanza kutembea na mpira peke yake, goli wazi mbele yake, kipa ameegemea mlingoti kama anayesubiri kinyozi.

Akafika hatua kama nane kutoka golini. Akapiga. Mpira ukapaa juu ya mwamba, ukaenda kutua mgombani.

Halafu mtu mmoja akacheka, sijui wa upande gani, na kicheko kikazunguka uwanja wote kama moto wa nyasi kavu. Watu wa Nyabiyonza walicheka, wa Kimuli walicheka, mgeni rasmi alifuta machozi. Wale ambao dakika kumi kabla walikuwa tayari kwa fimbo walikuwa wanashikana mabega wasianguke. Baadaye Desideri alinieleza kwamba goli lisilo na mtu linakuwa dogo, na kadiri alivyolisogelea ndivyo lilivyozidi kupungua. Namwamini.

Baadhi ya Shamba Jipya walitaka warudie. Anatori, kwa kweli, alikuwa ameshaanza kuwapungia tena. Ni Projest aliyetoka golini kwake, upande wa pili kabisa wa uwanja, akaja mpaka katikati.

"Tulipewa, tukashindwa wenyewe," aliwaambia wenzake. "Tucheze mpira."

Wakacheza. Ilikuwa mechi nzuri kuliko zote nilizowahi kuchezesha, na sikutoa kadi nyingine hata moja. Desideri alisawazisha kwa kichwa, safari hii akiwa amezungukwa na mabeki watatu. Zikiwa zimebaki dakika chache Mwamko wakapata goli la pili, goli halali, wavu mzima, nikiwa nimesimama mahali ninapopaswa kusimama. Mbili kwa moja. Dume likaenda Kimuli.

Hesabu mnaiona wenyewe. Ukitoa goli la tundu, ilikuwa sare. Mwamko walichinja Jumapili na kuwaita Shamba Jipya kula pamoja nao. Walikwenda, wakala, wakarudi wakisema nyama ilikuwa ngumu. Lakini hilo halikuniondolea mimi chochote. Niliandika ripoti ya mechi dhidi yangu mwenyewe, nikaeleza wavu, kadi na yote. Kamati ya waamuzi ilinisimamisha kuchezesha nusu msimu. Wapo walioona ni adhabu kubwa. Mimi niliona ni haki, na magoti yangu yalishukuru.

Wiki iliyofuata nilikwenda nyumbani kwa Projest, Nyabiyonza. Nilimkuta akichuma kahawa na mama yake. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima, lakini mama yake alinitangulia. Aliniuliza kama ni mimi niliyemwonyesha mwanawe kadi. Nikasema ndiyo, mama, ni mimi. Akaniuliza kama ni kweli mwanawe alikuwa hana kosa. Nikasema hakuwa na kosa isipokuwa la kunishika jezi. Akafikiri, akaweka kikapu chini.

"Kunishika mimi nguo hawezi," alisema. "Hiyo kadi ilikuwa yake. Ingia ule."

Tulikula ndizi na maharage, na Projest alikula macho yake yakiwa kwenye sahani. Nilidhani bado ana kinyongo. Kumbe alikuwa anatafuta namna ya kuuliza. Alitaka kujua ni kwa nini sheria iliruhusu goli la uongo libaki. Nikamweleza kwamba mchezo ukiruhusu kila kitu kurudiwa, hautaisha, na kila jioni tutakuwa bado tunacheza dakika ya thelathini. Kwa hiyo sheria inamwambia mwamuzi aone kwanza, aamue baadaye. Akaniuliza kama mtu wa miaka yake anaweza bado kujifunza. Nikamuuliza kujifunza nini. Akasema, "Kuona kwanza."

Kwa nusu msimu niliosimamishwa nilimfundisha yeye. Tulitembea viwanja vyote, kuanzia Bweranyange hadi Kimuli. Alikuwa mwanafunzi msumbufu, wa kuuliza kila kanuni imetoka wapi na inamlinda nani, na mara nyingi ilinibidi nirudi nyumbani nikasome kabla ya kumjibu. Mechi yake ya kwanza alisahau kuanzisha saa. Ya pili alipiga filimbi ya mwisho dakika nane kabla ya wakati, akalazimika kuwarudisha watu waliokwisha kuvua viatu. Lakini hakuna aliyewahi kusema kwamba Projest ameamua asichokiona. Anapokuwa hakuona, anasema hakuona, na watu wamezoea, na wanamsamehe kuliko walivyokuwa wakinisamehe mimi nilipokuwa na uhakika.

Nilistaafu mwezi uliopita. Jumamosi iliyofuata kulikuwa na mechi ya ligi Bweranyange, Projest akiwa mwamuzi, na kwa mara ya kwanza nilikwenda kama mwananchi, na kiti changu cha kukunja na karanga zangu. Sikujua nitakuwa shabiki wa aina gani. Nilidhani nitakuwa mtulivu, mtu wa kueleza wengine kanuni kwa upole. Dakika ya ishirini beki wa wageni aliuzuia mpira kwa mkono ndani ya boksi, na Projest akaashiria mchezo uendelee.

Sikumbuki nilivyonyanyuka. Nakumbuka karanga zilimwagika, na nilikuwa nimeshavuka kamba, nimesimama kwenye mstari wenyewe, nimeinua mkono, nikipaza sauti kwamba refa haoni, kwamba ule ni mkono, kwamba hata mtoto ameona. Akina mama wa netiboli waliokuwa karibu nami walinitazama kama watu wanaomwona padri akicheza ngoma.

Projest alisubiri mpira utoke. Kisha akaja mpaka pale nilipo, taratibu, uso mkavu kabisa, filimbi mkononi. Akasimama mbele yangu.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba."

"Mpira uligonga bega. Rudi nyuma ya kamba."

Nikarudi nyuma ya kamba. Na Jumamosi iliyofuata, kabla ya mechi, nilikuwa pale na panga langu, nafyeka kama ubao unavyoagiza.